Umbali nao una bei: jibu kwa mwalimu aliyeuliza kuhusu barabara na mikongo

Mwalimu mmoja wa uchumi katika shule ya sekondari ameniandikia hivi: "Kila mwaka nafundisha mchango wa uchukuzi na mawasiliano katika uchumi wa nchi inayoendelea. Wanafunzi hukariri: kuunganisha masoko, kuleta ajira, kukuza utalii. Mwaka huu mmoja ameniuliza: kama ndivyo, mbona barabara zinajengwa kila bajeti na bado sisi ni maskini? Na kwa nini tukope kwa ajili ya lami na mikongo ya intaneti wakati zahanati hazina dawa? Nilikosa la kumjibu. Nisaidie, na useme pia: fedha zikiwa kidogo, kipi kitangulie?"

Mwalimu, mwanafunzi huyo mtunze. Swali lake limenisumbua mimi mwenyewe miaka yote niliyofanya kazi ya mipango ya barabara, na nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu majibu mafupi ndiyo yaliyoishia kukaririwa.

Tuanze na gunia moja la mbolea. Likiwa bado melini lina bei yake. Halafu kuna kupakua, ghala la bandari, wakala wa forodha, lori kubwa, foleni ya mpakani, lori dogo, na mwisho baiskeli au kichwa cha mtu hadi shambani. Kila hatua inaongeza kitu kwenye bei, na hakuna hata moja inayoongeza rutuba ndani ya gunia. Mkulima amelipia umbali. Akivuna, analipia tena, safari hii bila kuona risiti: mnunuzi anayefika shambani anatoa kwanza gharama ya lori lake, kinachobaki ndicho anachompa. Umbali unamkata akinunua na unamkata akiuza. Ndiyo maana mkulima wa mbali mara nyingi hatumii mbolea kabisa, na wataalamu wakija wanasema anahitaji elimu. Elimu anayo. Amepiga hesabu, haikumlipa.

Hilo ndilo jibu langu kwa ufupi wake: kazi ya uchukuzi na mawasiliano ni kupunguza bei ya umbali. Hayo mengine yote, ajira, utalii, masoko, ni matunda ya hapo. Bei yenyewe isipopungua, hata nchi ikijaa lami, matunda hayaji.

Na bei ya umbali si nauli peke yake. Kuna muda. Utafiti wa Djankov, Freund na Pham uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kila siku moja ya ziada ambayo bidhaa inakaa njiani kabla ya kupakiwa melini hupunguza biashara ya nchi kwa zaidi ya asilimia 1. Kuna pia kutokuwa na hakika, ambako kwa maoni yangu ndiko kunakoumiza zaidi na ndiko kunakosahaulika vitabuni. Mwenye kiwanda asiyejua kama malighafi yake itafika baada ya siku nne au kumi na nne analazimika kurundika akiba ghalani. Akiba hiyo ni mtaji uliolala. Mshindani wake katika nchi ambayo lori linafika siku iliyosemwa, mtaji uleule unafanya kazi mara tatu au nne kwa mwaka.

Historia inatuonyesha jambo hili likitokea mbele ya macho. Kabla ya reli, mizigo ya bara la India ilibebwa na ng'ombe, na siku nzuri hawakuzidi kilomita 30. Treni ziliweza kwenda kilomita 600 kwa siku. Mwanauchumi Dave Donaldson alipekua kumbukumbu za kipindi cha ukoloni, akakuta kwamba wilaya iliyofikiwa na reli kipato chake halisi cha kilimo kilipanda kwa takriban asilimia 16. Reli ile ilijengwa na mkoloni kwa malengo yake, wala simsifu kwa hilo. Nasema tu kwamba umbali ulipokuwa nafuu, watu walilima kile ambacho ardhi yao inakimudu, wakanunua kingine kutoka kwingine.

Sasa, mbona bado maskini? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu majibu ni zaidi ya moja na baadhi hayapendezi.

La kwanza linatoka India hiyohiyo. Mwaka 2000 serikali ilianzisha mpango mkubwa wa kufikisha barabara za lami vijijini. Asher na Novosad walifuatilia vijiji vilivyopata barabara na vilivyokaribia kupata vikakosa, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Badiliko kubwa walilolikuta ni watu kutoka kwenye kilimo na kwenda kufanya vibarua nje ya kijiji. Mavuno, mali na kipato cha kaya havikubadilika sana. Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza nilisita, maana nilishaandika maombi ya fedha yaliyoahidi kinyume chake. Lakini ukifikiri, inaeleweka. Barabara ni mlango. Ukiufungua, anapita mwenye cha kupitisha. Kama hakuna mkopo wa pembejeo, hakuna umeme wa kusindika, hakuna mnunuzi anayesubiri upande wa pili, atakachopitisha mwanakijiji ni nguvu zake mwenyewe. Hilo nalo lina maana kwake, lakini sio ule utajiri uliotangazwa siku ya uzinduzi. Tena mlango hufunguka pande zote mbili: barabara inayotoa mazao ndiyo inayoingiza ndoo na viatu vya kiwandani, na fundi wa kijijini anapoteza wateja. Mlaji amefaidi, fundi ameumia. Mwanafunzi anapaswa kufundishwa yote mawili.

La pili: gharama ya kusafirisha na bei ya kusafirisha ni vitu viwili. Lami mpya inapunguza gharama ya mwenye lori, kwani matairi yanadumu, mafuta yanapungua na safari zinaongezeka. Ila kama wenye malori ni wachache na wanagawana mizigo kwa foleni au kwa makubaliano, nafuu hiyo itabaki mifukoni mwao. Supee Teravaninthorn na Gaël Raballand walichunguza njia kuu za mizigo barani Afrika na kuandika mwaka 2009 kwamba mahali pengi tatizo la bei lilikuwa kwenye soko lenyewe la uchukuzi kuliko kwenye hali ya barabara. Mfano wao mmoja ni Rwanda. Udhibiti wa zamani wa soko la malori ulipoondolewa baada ya mwaka 1994, bei ilishuka kwa zaidi ya asilimia 30 karibu mara moja. Hapo hakuna kilomita iliyoongezwa.

La tatu ndilo linaloniuma kuliko yote, nalo ni matengenezo.

Niliwahi kusimama asubuhi nzima kwenye kituo cha mizani. Lori moja liliingia, uzito wake wa jumla ukawa sawa, lakini ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba magurudumu, ikazidi. Askari wa mizani akalirudisha. Utingo, kijana mwembamba, akapanda juu ya mzigo na kuanza kuhamisha magunia kwenda mbele, moja moja, mgongo umeinama na vumbi la saruji likimganda kwenye jasho. Dereva akanijia akilalamika: "Mzigo ni uleule, barabara ni ileile, magunia yakae mbele au nyuma kuna tofauti gani?" Nikachora chini kwa kijiti kumweleza nitakachokueleza na wewe.

Kati ya mwaka 1958 na 1960, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, wahandisi walijenga barabara za majaribio, na wanajeshi wakaendesha malori juu yake mchana na usiku hadi zikachakaa. Walichogundua ni kwamba uharibifu unapanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Uzito ukiwa mara mbili, uharibifu si mara mbili, ni mara 16. Ekseli ikizidishwa asilimia 20 tu, inaharibu barabara mara mbili ya iliyo halali. Kwa hiyo mzigo uleule, ukikaa mahali pabaya, unakula miaka ya barabara. Dereva alinyamaza akiutazama ule mchoro, kisha akavua shati na kupanda kumsaidia utingo wake.

Lori lakini halifanyi kazi hiyo peke yake, lina mshirika: maji. Mtaro ukiziba kwa mchanga na majani, maji yanasimama kando ya lami. Lami ikipata ufa mwembamba, yanaingia chini na kulainisha tabaka za msingi. Gurudumu likipita, linayasukuma kama pampu, yanatoka na udongo. Baada ya mvua chache ufa umekuwa shimo, na baada ya misimu michache shimo limekuwa kilomita nzima ya kufumua. Mwanzo wa yote ulikuwa mtaro ambao watu wawili wenye sepeto wangeuzibua kwa siku moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sidhani kuna mahali methali hiyo ni ya kweli kwa tarakimu kama kwenye lami. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994, ilikadiria kuwa Afrika ingetumia dola bilioni 12 kwa matengenezo ya wakati katika muongo uliotangulia, ingeepuka dola bilioni 45 za kujenga upya.

Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako: sehemu ya kile anachokiona kikijengwa kila bajeti ni barabara ileile inayojengwa mara ya pili. Nchi inalipa mkopo wa barabara ambayo tayari imekufa. Sababu zinajulikana. Mkopo wa ujenzi unapatikana, mkopo wa kuzibua mitaro haupatikani. Barabara mpya ina siku ya uzinduzi, kalavati lililosafishwa halina. Nchi nyingi zimeunda mifuko ya barabara inayolishwa na tozo ya mafuta ili fedha za matengenezo zisigombaniwe na wizara nyingine, na mahali ambapo mfuko huo unaheshimiwa matokeo yanaonekana. Unapochotwa kwa matumizi mengine, tunarudi palepale.

Mipaka nitaigusa kwa haraka, ingawa kuna nchi 32 zinazoendelea ambazo hazina bahari, 16 kati yake zikiwa Afrika, na kwao mpaka wa jirani ndio bandari. Lori linalokimbia saa kumi na kusimama siku mbili kwenye foleni ya forodha limetumia muda wake mwingi likiwa limezimwa. Mwaka 2009 Zambia na Zimbabwe zilifungua Chirundu kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo lori linakaguliwa mara moja na maofisa wa nchi zote mbili badala ya mara mbili. Kusubiri kulikokuwa kwa siku kadhaa kulipungua. Kazi kubwa hapo ilikuwa kubadilisha sheria na taratibu ili ofisa wa nchi moja aweze kufanya kazi kwenye ardhi ya nyingine.

Tuje kwenye mawasiliano. Watu huyaona kama ndugu mdogo wa barabara, kitu cha anasa kinachofuata baadaye. Nadhani wamekosea, na ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua unatoka ufukweni.

Tarehe 14 Januari 1997, kwenye ufukwe wa Badagara katika jimbo la Kerala, India, wavuvi 11 walitupa dagaa wao kwa sababu wanunuzi waliokuwapo walikuwa wametosheka. Asubuhi hiyohiyo, kwenye fukwe nyingine zilizo umbali usiozidi kilomita 15, wanunuzi 27 walikuwa wakikaribia kuondoka mikono mitupu. Samaki walikuwepo, fedha zilikuwepo, boti zilikuwepo. Kilichokosekana ni neno moja: njoo huku. Robert Jensen, aliyekusanya takwimu hizo wiki baada ya wiki, aliona mambo yakibadilika simu za mkononi zilipoenea pwani hiyo kuanzia mwaka huohuo. Wavuvi wakaanza kupiga simu wakiwa bado majini na kuchagua soko kabla ya kugeuza boti. Bei zikakaribiana kutoka ufukwe hadi ufukwe, kutupa samaki kukaisha kabisa, faida ya mvuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8, na hapohapo bei kwa mlaji ikashuka kwa takriban asilimia 4. Ni nadra sana katika uchumi muuzaji na mnunuzi wote kufaidi kwa mpigo. Hapa walifaidi, kwa sababu kilichoondolewa kilikuwa hasara tupu. Nchini Niger nako, Jenny Aker alikuta tofauti za bei ya nafaka kati ya masoko zikipungua kwa kati ya asilimia 10 na 16 kadiri minara ya simu ilivyosimamishwa kati ya mwaka 2001 na 2006.

Ila angalia vizuri ule mfano wa Kerala. Simu ilifaa kwa sababu boti iliweza kwenda. Kama mvuvi angeambiwa kuna wanunuzi kilomita 15 mbele na hana mafuta wala njia, habari ile ingemwongezea uchungu tu. Mawasiliano yanakuambia uende wapi, uchukuzi unakufikisha. Ukikosa kimoja, kingine kinalegea.

Kuna pia mahali ambapo mawasiliano yameuondoa uchukuzi kabisa. Zamani fedha zilikuwa mzigo. Aliyefanya kazi mjini alimpa bahasha dereva wa basi au ndugu anayesafiri, akaomba Mungu ifike. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, bahasha ile ikawa ujumbe wa simu. Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba huduma hiyo ilitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, karibu asilimia 2 ya kaya zote za nchi. Mtu akiugua, msaada hufika siku hiyohiyo, kwa hiyo mbuzi hauzwi kwa bei ya kutupa na mtoto haondolewi shule. Mikongo ya baharini iliyoanza kutua pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 ilifungua mlango mwingine. Jonas Hjort na Jonas Poulsen walichunguza nchi 12 za Afrika wakakuta intaneti ya kasi iliongeza ajira, hata kwa wenye elimu ndogo. Nayo inahitaji matengenezo na njia mbadala kama barabara: Machi 2024 mikongo minne ilikatika karibu na Abidjan, na benki na ofisi za nchi kadhaa za Afrika Magharibi zikakwama.

Sasa zahanati. Swali hili ni la haki na silipuuzi, lakini limegawanya vitu visivyogawanyika. Chanjo nyingi lazima zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8 tangu kiwandani hadi mkononi mwa muuguzi. Lori likikwama tope siku mbili, kinachofika ni vichupa vya maji. Na mara nyingi dawa zipo nchini, ila ziko mahali pasipo na mgonjwa. Mwaka 2009, katika wilaya tatu za Tanzania, vituo 129 vya afya vilianza kutuma kila wiki ujumbe mfupi wa simu kueleza dawa za malaria zilizobaki. Mwanzoni asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Baada ya wiki 21 walibaki asilimia 26. Mganga wa wilaya alijua nani kapungukiwa na nani ana ziada, akahamisha. Ni hadithi ileile ya Badagara, safari hii uhai wa watoto ukiwa ndio mzigo.

Kipi kitangulie, basi? Mimi ningeanza na kilichopo. Shilingi ya kwanza iende kwenye mitaro, makalavati na mizani ya barabara ambazo nchi imeshakopa kuzijenga. Sambamba na hilo, kwa kuwa hayahitaji saruji, ningevunja makubaliano ya wenye malori, ningepunguza vizuizi vya njiani na kuunganisha ukaguzi wa mpakani. Halafu ningetafuta madaraja madogo yanayokosekana, yale ambayo mvua ikinyesha yanakata vijiji kumi kwa wiki tatu. Barabara ya changarawe inayopitika mwaka mzima ina manufaa kuliko lami inayoishia mtoni. Na kila inapochimbwa barabara, mabomba ya kupitishia mkongo yalazwe humohumo, kwani kuchimba mara ya pili ndiyo gharama kubwa.

Miradi mikubwa ya reli na bandari siikatai. Ninachouliza ni mzigo uko wapi, na nani atatunza. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ili shaba ya Zambia isitegemee njia za Rhodesia na Afrika Kusini ya ubaguzi. Kwa lengo hilo la uhuru ilistahili kila msumari. Lakini haijawahi kufikia kiwango cha mzigo ilichosanifiwa kubeba, kwa sababu vichwa vya treni, mabehewa na njia havikupata matunzo yaliyohitajika.

Kwa somo lako lijalo, Mwalimu, nina pendekezo. Wagawe wanafunzi makundi, kila kundi lichague bidhaa moja iliyosafiri kutoka mbali, iwe mbolea, daftari au dawa. Wamuulize muuzaji, dereva, wakala, mbeba mizigo: ilitoka wapi, ilibebwa na nani, ililipiwa nini kila hatua, ilitembea saa ngapi na ilisimama saa ngapi. Waandike safu mbili, saa za kutembea na saa za kusimama. Yule aliyeuliza swali mpe jukumu la kujumlisha.